Kunyonyesha kulinishinda kwa mtoto wa kwanza: nilivyojiandaa na mimba ya pili

Neema alianza chupa akiwa na siku nne. Ilikuwa Jumapili, majirani wanatoka kanisani, mimi nimejifungia chumbani kwetu Kizota, hapa Dodoma, feni inazungusha joto lilelile, kanga ina madoa ya damu ya chuchu. Mtoto analia, mama yake analia, na kila aliyekuja kutupa pole aliondoka na hukumu moja: "Huyu hana maziwa." Nikaamini. Alipofika miezi miwili, hata tone lilikuwa halitoki.

Mimba ya pili ilipofika miezi mitano nikagundua naogopa kunyonyesha kuliko ninavyoogopa leba. Kama na wewe uko hapo, nikueleze nilichofanya, maana sehemu kubwa ya kazi inafanyika tumbo likiwa bado.

Andika kilichotokea

Usiishie kusema "ilishindikana". Nilichukua daftari la Neema la shule lenye kurasa tupu nikaandika siku kwa siku. Nilijifungua vipi? Kwa upasuaji. Mtoto aliletwa titini lini? Jioni, wakati alizaliwa asubuhi. Alionja nini kabla ya titi? Maji ya glukosi. Maumivu yalikuwa mwanzoni tu mwa kunyonya au mpaka anamaliza? Mpaka anamaliza. Chuchu ilitokaje mdomoni? Imebanwa upande mmoja, kama mua uliokatwa mshazari.

Nikaupeleka ule ukurasa kliniki. Muuguzi, mama mtu mzima, alisoma kimya, akaweka kidole kwenye huo mstari wa mua. "Mwanangu, maziwa yalikuwepo. Mtoto alikuwa ananing'inia kwenye chuchu, titi hajalishika." Miaka minne nimeibeba ile aibu, kumbe jibu lilikuwa sentensi moja.

Lako linaweza kuwa jingine, ndiyo maana nasisitiza kuandika. Kupoteza damu nyingi, au kipande cha kondo la nyuma kubaki tumboni, huweza kuchelewesha maziwa. Kisukari, tezi ya shingo yenye matatizo, operesheni ya titi, au matiti ambayo hayakubadilika kabisa wakati wa ujauzito: haya daktari ayajue sasa, asisubiri uje na mtoto anayepungua uzito. Kama wa kwanza alikuwa na udata, ulimi umeshikwa kwa chini, omba wa pili aangaliwe mapema. Na ujue kwamba mara nyingi maziwa ya uzazi wa pili hujaa mapema kuliko ya kwanza. Hilo peke yake lilinipa usingizi.

Kuhusu chuchu zenyewe, ziache. Jirani alinishauri nizisugue kwa dodoki "zikomae". Hapana. Vile vipele vidogo vinavyoizunguka chuchu hutoa mafuta, sabuni huyaondoa, na kwa upepo wetu wa Dodoma wa mwezi wa saba unaopasua hata midomo, utajitafutia vidonda bure. Maji matupu yanatosha. Hata kama chuchu ni fupi au zimelala usikate tamaa, mtoto anatakiwa kujaza mdomo kwa titi.

Jifunze kupakata kabla hujawa na wa kupakata

Nilifunga kilo tatu za unga wa dona kwenye kitenge, nikachora macho kwa kalamu ili nijue pua iko wapi. Baba Neema alicheka mpaka akakaa chini. Lakini kila jioni nilifanya zoezi: tumbo la mtoto kwa tumbo langu, sikio, bega na nyonga kwenye mstari mmoja, pua ikiielekea chuchu. Mgongo wangu umeegemea mto. Kosa langu la zamani lilikuwa kumwinamia mtoto na kumsokomezea titi. Unatakiwa kukaa vizuri halafu umlete yeye kwako. Kama unategemea upasuaji, fanya pia mkao wa kwapani, miguu ya mtoto ikipita ubavuni, isiguse mshono.

Chuchu imguse mdomo wa juu, usubiri. Akipanua kama anapiga miayo, mlete upesi, kidevu kitangulie. Akishika sawasawa utaona kidevu kimegota kwenye titi, mdomo wa chini umebinuka nje, na ile sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mashavu yamejaa, hayaingii ndani. Baadaye maziwa yakija utasikia anameza. Maumivu yakiendelea, usivumilie kishujaa: ingiza kidole kidogo pembeni ya mdomo wake, aachie, muanze upya. Hata mara kumi.

Halafu tafuta mama anayenyonyesha umtazame. Wifi yangu alikuwa na mtoto wa wiki tatu, nikakaa naye mkekani saa nzima nikitazama mdomo tu. Wanawake wananyonyesha kwenye daladala, sokoni Majengo, kila mahali, lakini mwenzako unachoona ni kanga.

Wiki ya 37, baada ya muuguzi kuridhia, nilianza kujifunza kukamua bafuni. Kidole gumba juu, vingine chini, nyuma kidogo ya ile sehemu nyeusi. Sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Siku ya tatu likatoka tone la dang'a, yale maziwa ya kwanza kabisa, la njano na zito kama alizeti ya kukamuliwa mashineni. Wengine hawaoni kitu na bado maziwa yanakuja vizuri, kwa hiyo usijipime kwa hilo. Ila usijaribu kabisa kama umewahi kutokwa damu katika mimba hii, umeshonwa mlango wa kizazi, au umeambiwa unaweza kujifungua kabla ya wakati. Tumbo likianza kukaza, acha. Siku ya kwanza mtoto anahitaji kama kijiko kimoja cha chai kwa mnyonyo, hivyo matone hayo si "hakuna maziwa".

Watu wa nyumbani

Mama mkwe yuko Kongwa. Kwa Neema alikuja na chupa ya dawa ya chango, kwa upendo kabisa, na mimi sikuwa na nguvu ya kukataa. Safari hii nilimfuata mwenyewe mimba ikiwa na miezi saba. Nikamkuta uani anapepeta uwele.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msaada."

Nikamwambia kliniki wanataka mtoto apate titi tupu miezi sita, hata maji asipewe, labda dawa aliyoandikiwa. Akaendelea kupepeta. "Sasa mimi nije kufanya nini?" Nikamjibu: "Uninyweshe mimi." Ungo ukasimama, akacheka. Ndiyo ikawa kazi yake: uji wa uwele wenye karanga, mlenda, maji kila ninapokaa kunyonyesha. Hakuna chakula cha miujiza cha kuleta maziwa, titi linatengeneza kadiri linavyonyonywa. Lakini mama mwenye njaa anachoka haraka.

Baba Neema nilimpa ya kusema hospitali: mtoto awekwe kifuani ndani ya saa ya kwanza, hata kama ni upasuaji, ikiwa sote tuko salama, na akihitaji nyongeza kwa sababu ya kitabibu, ianze dang'a niliyokamua, kwa kikombe kidogo, si chupa. Nikampa na kazi ya kuhesabu. Minyonyo 8 hadi 12 kwa saa 24, na kuanzia siku ya tano nepi sita au zaidi zilizolowa mkojo. Mtoto akilala bila kuamka kunyonya, akakojoa kidogo na mkojo mzito, akawa na homa au macho ya njano, ni kwenda hospitali hapohapo. Mama naye, titi likiwa jekundu na la moto pamoja na homa, asingoje. Na kama daktari ataona maziwa yako hayatoshi, mtoto ale. Si dhambi.

Kazini niliandika barua mapema. Sheria inatoa likizo ya siku 84, au 100 kwa mapacha, na ukirudi hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Kutoka kazini Mtumba hadi nyumbani Kizota ni magari mawili, kwa hiyo niliomba zote mbili ziwe mwisho wa siku.

Kijana alizaliwa kwa upasuaji tena. Siku ya tatu titi la kushoto likauma, nikamtoa, nikaona ule mua. Jasho likanitoka. Kidole pembeni ya mdomo, nikamgeuzia kwapani, nikasubiri apanue. Mara ya nne akashika, na ndipo nikasikia anameza. Baba Neema alikuwa mlangoni na kalamu, kalenda ameitoa ukutani.

"Ya ngapi hii?"

"Ya saba," nikasema. "Andika saba."