Kabla ya kutembea kandokando ya Ziwa Tanganyika, Kigoma: anza na hesabu ya kurudi

Kutoka Kigoma mjini hadi ufukwe wa Jakobsen, kwa barabara ya Katonga, ni takriban kilomita 5. Vilima ni vifupi, na mtu asiye na haraka hutumia kama saa moja na nusu. Kwenda hakumshindi mtu. Kurudi ndiko kunakolemea: chupa imeshakauka, miguu imechoka na jua limekolea. Kwa hiyo panga kurudi kwanza.

Anza na saa. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi lakini inafuata saa ileile ya Dar es Salaam, ndiyo maana jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kufika utosini karibu saa saba, si saa sita. Joto kali ni la saa nane hadi saa kumi. Anayeondoka saa nne akijiambia bado asubuhi, akakaa ufukweni kidogo, atapanda vilima vya kurudi jua likiwa utosini. Ondoka saa moja na nusu, uwe umeshageuza kabla ya saa tano. Tena mandhari ni nzuri zaidi wakati huo, kwa kuwa ziwa liko magharibi na jua liko mgongoni mwako: maji ya karibu na miamba huonekana kijani, ya mbali buluu nzito, na milima ya Kongo hujitokeza ng'ambo. Mwezi wa Mei, mvua zikiisha, hewa ni safi. Kufikia Agosti na Septemba moshi wa mapori yanayochomwa huifunika milima hiyo, usije ukashangaa. Ukitaka machweo, patana na bodaboda wa kukurudisha kabla hujaondoka mjini, kwani jua likizama giza halikawii.

Maji ya kunywa: lita 2 kwa kila mtu mzima, si chupa moja ya kugawana. Mwili ukitembea juani unahitaji nusu lita hadi robo tatu kwa saa. Maji ya ziwa yanavutia kwa uangavu wake, ila usiyanywe bila kuchemsha. Yakitokota dakika moja yanatosha. Beba pakiti moja ya ORS, chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, ambayo huchanganywa na lita 1 ya maji safi. Kama huna, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita hiyohiyo vinafaa. Mwenzako akianza kizunguzungu na kichwa kumgonga, mketishe kivulini na anywe kidogo kidogo.

Njia ya chini, ile ya ufukweni, iulizie siku hiyohiyo. Kina cha ziwa kimepanda miaka ya karibuni, na sehemu nyingi zilizokuwa mchanga sasa ni maji. Waulize wavuvi mwaloni, boti zao zinapofikia: "Shikamooni wazee, njia ya chini inapitika leo?" Wakisema haipitiki, pita juu, barabarani. Usijaribu kuzunguka mwamba kwa kuingia majini. Mawe yana utelezi, na ziwa hili, ambalo kina chake hufika mita 1,470 penye kina kirefu zaidi, huzama ghafla hata ukingoni: hatua moja magotini, inayofuata kifuani. Penye matete na maji yaliyotulia kuna konokono wa kichocho, na vijidudu vyake hupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kwenye midomo ya mito kama Luiche, kusini mwa Ujiji, kuna hatari ya mamba na viboko. Huko usikaribie maji kabisa.

Mwaloni tembea kwa uangalifu. Boti za karabai hurudi alfajiri, na asubuhi dagaa wameshatandazwa juu ya nyavu na chanja, wembamba, waking'aa kama bati jipya, wengine wameanza kupinda migongo kwa jua. Mchanga unaorushwa na raba zako ukiwaingia, bei inashuka, na hiyo ni kazi ya usiku kucha ya mtu. Zunguka kwa nyuma, na omba ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Bandari na maeneo ya jeshi usipige kabisa.

Miguuni vaa raba zenye meno na soksi. Ndala huteleza kwenye kokoto za mteremko. Kata kucha siku moja kabla, la sivyo zitagonga mbele ya kiatu kila unaposhuka. Kofia ya pama, filimbi, noti ndogondogo za daladala, na kanga moja: ni kivuli, ni mkeka, ni kitambaa cha kuning'iniza mkono ulioteguka, na ni stara unapopita kijijini.

Msimu wa mvua, kuanzia Novemba, hesabu sekunde kati ya radi kumulika na ngurumo. Zikiwa chini ya 30, toka ufukweni na uingie kwenye nyumba au gari, wala usijifiche chini ya mti uliosimama peke yake. Kaa ndani mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho, na mpigie simu yule uliyemwachia saa yako ya kurudi, umwambie utachelewa.