Nyumba kuukuu Uingereza: ukaguzi upi?

Watu wa nyumbani tunaoishi nao hapa Leicester huniuliza hili kila wakipata nyumba ya zamani ya kununua, kwa kuwa mimi ni fundi mwashi. Kwanza, tathmini ya benki isikudanganye: ile inalinda hela ya mkopeshaji, si yako.

Wakaguzi wa nyumba walio chini ya RICS, chama cha kitaaluma cha wapima majengo, wana ngazi tatu za ukaguzi. Ya 1 iache, hiyo ni ya nyumba mpya mpya. Ya 2 yatosha kwa nyumba ya kawaida iliyotunzwa. Lakini nyumba ya matofali ya kabla ya 1919, au iliyovunjwa ukuta na kuongezwa chumba, chukua ya 3, hata bei ikiuma. Ndiyo inayochambua kasoro, chanzo chake na namna ya kuitengeneza.

Hata huyo wa ngazi ya 3 hang'oi zulia wala mbao za sakafu. Ukiona plasta ya saruji juu ya tofali lililojengwa kwa chokaa, mwonyeshe mapema. Unyevu hunaswa humo. Gonga plasta kwa kidole usikie panapoitika kitupu. Umeme na mabomba ya majitaka tafutia mafundi wake.

Scotland ni habari nyingine: huko kwa kawaida muuzaji ndiye anayeandaa ripoti.