Kabla ya kulipia kozi ya kuzamia, mkague mkufunzi

Kuanzia Nungwi hadi Diani na Watamu, vibao vya vituo vya kuzamia vina nembo za PADI au SSI, mashirika ya kimataifa yanayotoa mafunzo na vyeti vya kuzamia kwa mtungi wa hewa. Nembo hukuambia mtaala unaofuatwa tu. Anayeshuka nawe majini ni mtu mmoja, na huyo ndiye wa kukaguliwa.

Hatua ya 1: Jua unachouziwa. Kozi ya msingi ni Open Water Diver: nadharia, mazoezi bwawani au kwenye maji tulivu, kisha mizamio 4 baharini, kina kisichozidi mita 18. Ile ya nusu siku wanayouziwa watalii hotelini ni ya kuonja tu, haikupi cheti cha mzamiaji. Zote huanza na fomu ya afya. Ukiwa na pumu, sema, na daktari asaini kwanza. Hewa iliyonaswa mapafuni hutanuka unapopanda na inaweza kuyapasua. Kwa hiyo mtu akikuambia "weka hapana tu, twende", chukua begi lako uondoke.

Hatua ya 2: Omba jina na namba ya atakayekufundisha. Ihakiki kwenye tovuti ya shirika lake. Mkufunzi huhuisha uanachama kila mwaka, hivyo cheti cha zamani kilichotundikwa ukutani si ushahidi. Divemaster, yaani kiongozi wa mizamio aliye chini ya ngazi ya mkufunzi, anaweza kumsaidia mkufunzi, lakini hawezi kuendesha kozi hii peke yake.

Hatua ya 3: Uliza mtakuwa wangapi. PADI inaruhusu wanafunzi 8 kwa mkufunzi mmoja baharini. Hicho ni kikomo. Kwa maji yaliyochafuka wakati wa masika, hata 4 ni wengi.

Hatua ya 4: Tazama somo lake. Hapa ndipo pa kutumia muda. Omba kukaa kando ya bwawa nusu saa. Zoezi linalowashinda wengi ni kujaza miwani maji na kuyatoa: mtu huvuta maji puani, hushtuka, hukimbilia juu. Mkufunzi mzuri huanza kwenye maji ya kiunoni, hurudia mpaka mwanafunzi atulie, na hukaa karibu kiasi cha kumshika. Mbaya huona mara moja, anatia tiki, anaita mwingine. Angalia pia magoti. Wanafunzi wakifanya kila zoezi wamepiga magoti chini, hawatajua kuelea katikati ya maji, na wakifika baharini wataangukia matumbawe.

Hatua ya 5: Kagua vifaa. Mtungi wa hewa uliojaa husoma takriban bar 200 (kipimo cha shinikizo) kwenye geji. Pumua hewa yake mara 4 huku ukiitazama geji hiyo. Mshale ukishuka kila unapovuta, valvu haijafunguliwa vizuri. Hewa yenye harufu ya mafuta au moshi irudishe. Halafu angalia kompresa inavuta hewa kutoka wapi: ikiwa karibu na moshi wa injini, monoksidi ya kaboni inaingia mtungini, nayo haina harufu. Kwenye boti, waambie wakuoneshe oksijeni ya dharura, si kukutajia tu.

Hatua ya 6: Pangeni siku na bei. Siku 3 au 4 zinatosha. Kozi nzima ya siku 2 huenda ina kitu kilichorukwa. Bei iandikwe ikitaja cheti, boti, vifaa na ada ya hifadhi. Diani huwa na mawimbi wakati wa kusi, hivyo ni bora kusubiri kaskazi. Na tiketi ya ndege iache angalau saa 18 baada ya mzamio wa mwisho.