Chakula cha watoto wa nguruwe bila antibiotiki: hesabu laisini kwanza, protini baadaye

Ndugu wafugaji, habari za mazizini. Somo hili limetokana na wenzetu wawili wa Pongwe, hapa Tanga. Waliacha kutia antibiotiki kwenye maji ya watoto waliotoka kunyonya, na siku ya tano kuhara kukaanza. Wakasema bila dawa haiwezekani. Nikaomba kuona chakula chao: dagaa wengi, soya nyingi, protini imepanda mpaka inanuka. Hapo ndipo penye tatizo.

Mtoto wa nguruwe aliyeachishwa kunyonya jana hana asidi ya kutosha tumboni, na vimeng'enya vyake bado ni vya maziwa. Ukimjaza protini, sehemu kubwa inapita bila kusagwa mpaka utumbo mpana, na huko inakuwa karamu ya bakteria. Inaoza, amonia inazalishwa, bakteria wa kuharisha waitwao E. koli wanaongezeka, mtoto anahara maji. Zamani dawa ilikuwa inaziba aibu hiyo. Wenzetu wa Ulaya walipigwa marufuku kutumia antibiotiki za kukuzia mifugo tarehe 1 Januari 2006 (Sweden walitangulia tangu 1986), wakalazimika kurudi kwenye ndoo ya chakula. Tufanye hivyohivyo.

Hatua ya kwanza: elewa nguruwe anataka nini. Nguruwe hali protini kwa maana ya protini. Anataka asidi amino, yaani vipande vinavyoijenga. Kwenye chakula cha mahindi, kipande kinachokwisha kwanza ni laisini. Ikipungua, vingine vyote vilivyobaki havijengi nyama, vinatoka na mkojo. Ni kama kujenga ukuta huku saruji imekwisha, hata ukiwa na lori zima la matofali. Baada ya laisini zinafuata threonini, methionini na triptofani.

Hatua ya pili: piga hesabu kwa gramu. Chukua kalamu. Mtoto wa kilo 11 hadi 25 wa mbegu ya kisasa anahitaji laisini karibu gramu 1,340 hadi 1,400 katika kila kilo 100 za chakula. Mchanganyiko wangu ni huu: mahindi yaliyosagwa kilo 61, mashudu ya soya 18, pumba laini 10, dagaa 8 (kilo 3 zilizobaki nazitaja hatua ya tatu). Kilo moja ya mahindi ina laisini gramu 2.5 hivi, pumba 4, mashudu ya soya 29, dagaa wetu naweka 40 tu kwa sababu ya mchanga.

Mahindi yanatoa 152, pumba 40, soya 522, dagaa 320. Jumla 1,034. Kufikia 1,340 tumepungukiwa na gramu 306.

Sasa una njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza soya mpaka pengo lizibe. Itakubidi utoe mahindi na kuweka soya zaidi ya kilo 11, na protini itatoka asilimia 19 kwenda 23. Hiyo ndiyo njia ya wenzetu wa Pongwe, na mwisho wake wameuona. Ya pili ni laisini ya dukani, ile chenga ya rangi ya maziwa au kahawia hafifu. Katika kila gramu 100 zake, 78 ndizo laisini yenyewe, kwa hiyo gramu 400 zinaziba pengo lote na protini inabaki 19.

Hatua ya tatu: usisahau ndugu zake laisini. Hapa ndipo ufugaji bila dawa unapotofautiana na ule wa zamani. Utumbo unaopambana na vijidudu unatengeneza ute mwingi wa kujikinga, na ute huo umejengwa kwa threonini nyingi. Triptofani nayo inaliwa na kinga ya mwili, na ikipungua mtoto anakosa hata hamu ya kula. Nguruwe aliye kwenye banda safi anatosheka na threonini gramu 65 kwa kila gramu 100 za laisini, lakini kwenye mabanda yetu, tuambiane ukweli, napandisha kuelekea 70. Triptofani naitoa 18 naifikisha 20 hivi. Kwa mchanganyiko wa juu naongeza threonini gramu 200, methionini 120 na triptofani 50. Kisha DCP (madini ya kalsiamu na fosforasi) kilo 1.2, chokaa ya mifugo nusu kilo tu (chokaa nyingi inakula asidi ya tumbo ambayo mtoto hana), chumvi gramu 300, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) gramu 250.

Hatua ya nne: kuchanganya. Mara ya kwanza nilipima laisini kwa kikombe cha chai, nikaimwaga juu ya lundo na kugeuza kwa chepe mara tatu. Nilipochota konzi upande mmoja nikakuta chenga tupu, upande mwingine hamna kitu. Siku hizi naazima mzani mdogo wa jirani anayeuza maandazi. Napima zile gramu zote, nazichanganya na kilo 2 za unga wa mahindi kwenye beseni mpaka rangi iwe moja, kisha beseni hilo linaingia kwenye kilo 20, na kilo 20 zinaingia kwenye lundo juu ya turubai. Nageuza mara sita.

Hatua ya tano ni fupi: usiwaachishe kabla ya siku 28, maji safi wakati wote, na chakula kidogokidogo mara nne kwa siku kwa wiki ya kwanza.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanachama wa Muheza:* Shikamoo mwalimu. Huku mashudu ya nazi ni bei ya kutupa. Siwezi kuyaweka badala ya soya?

Marahaba. Kwa watoto, hapana. Kilo 10 za mashudu ya nazi zina laisini gramu 50 au 60, wakati soya kilo 10 zina 290. Tena yakiungua kwenye mashine, hata hiyo kidogo inafungika, nguruwe haipati. Wape majike wenye mimba na wale wa kilo 60 kwenda juu, kiasi, na uwaongezee laisini.

*Mwanachama wa Sahare:* Dada, dagaa wa soko la Deep Sea nawanunua kwa ndoo. Nitajuaje wana mchanga kiasi gani?

Saga konzi moja, tia kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika tano. Mchanga utakaa chini. Mimi nikiuona umezidi unene wa kidole, namrudishia mwenyewe. Na chunga chumvi: kama wamekaushwa kwa chumvi, usiongeze nyingine.

*Mwanachama wa Mabokweni:* Mimi nina soya yangu ya shambani. Nisage tu?

La, kaka. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini kusagwa tumboni, nayo yenyewe inaharisha. Ikaange mpaka ganda lachanuka na ladha ya ubichi imeisha, usiifikishe kwenye weusi. Kumbuka ina mafuta yake, kwa hiyo laisini ni kama gramu 23 kwa kilo, siyo 29. Hesabu upya.

*Mwanachama wa Kange:* Jirani zangu wananilalamikia harufu. Hii inasaidia?

Sana. Kila ukishusha protini kwa asilimia moja na kuziba kwa asidi amino, naitrojeni inayotoka kwenye mavi na mkojo inapungua kwa asilimia 8 hadi 10 hivi. Lakini na wewe osha banda. Majirani zako wengi nguruwe si mnyama wao, wanakuvumilia.

*Mwanachama wa Amboni:* Akiugua kweli, nisimtibu kwa kuwa nafuga bila antibiotiki?

Mtibu! Mwite daktari wa mifugo, mtenge, mpe dozi kamili, uheshimu siku za kusubiri kabla ya kumchinja. Huyo muuze kando na wenzake. Tunachoacha ni kuwalisha dawa wazima.

*Mwanachama wa Maweni:* Mfuko wa laisini ni kilo 25. Mimi nina majike mawili tu.

Kwa gramu 400, mfuko mmoja unatengeneza chakula tani 6 na robo. Ukiutumia peke yako, mfuko utaganda kabla hujafika nusu. Tutachanga watu watano, tugawane Jumamosi kwangu. Njoo na kopo lenye mfuniko wa kukaza, maana laisini inavuta unyevu, na unyevu wa Tanga unaujua.