Namna ya kuonja mbege kilabuni, Uchaggani

Ukifika Marangu, Kibosho au Machame na unataka kuonja mbege, pombe ya Wachagga ya ndizi na ulezi, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza imechanganywa lini. Mbege huendelea kuchacha hata ikiwa mkononi mwako: ya asubuhi si ile ya jioni, na iliyolala ni kinywaji kingine kabisa.

Chanzo chake ni upishi. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi, kisha huachwa kwenye pipa siku kadhaa zipate kuchacha. Hiyo ndiyo nyalu, na huchujwa. Pembeni hupikwa mso, yaani uji wa kimea cha ulezi. Mso ukishapoa huchanganywa na maji ya nyalu, na kuanzia hapo zinazohesabiwa si siku bali saa. Mpishi mwenye pupa akimimina mso ukiwa wa moto, chachu hufa, na utauziwa kitu kitamu kisicho na nguvu, karibu na togwa. Uchungu hutokana na gome la mti wa msesewe. Likizidi, hutahisi kitu kingine chochote mdomoni.

Nenda mchana ukiwa umekula. Bakuli la mtori au ndizi nyama linatosha, na siku ukikuta kisusio, yaani supu ya damu ya mbuzi, usikiache. Mbege juu ya tumbo tupu hujaza gesi kabla haijalevya.

Salimia wazee kwanza, shikamoo kwa kila aliyekuzidi umri, ndipo ukae. Agiza nusu lita, si lita. Vilabu vingi sasa hutumia vikombe vya plastiki, ila ukipewa kata, yaani kibuyu cha kunywea, ipokee kwa mikono miwili. Anayekukaribisha akipiga funda moja kabla ya kukupa, asikuudhi: anakuonyesha kuwa pombe ni salama.

Usinywe upesi. Mso huzama chini, kwa hiyo tikisa chombo taratibu mpaka rangi ilingane juu na chini. Nusa: harufu ya ndizi mbivu na mkate mbichi ni njema, harufu kali ya siki maana yake imeingiwa na hewa na imepitwa na wakati. Piga funda dogo ulishikilie kidogo mdomoni. Utamu utakuja mbele, ukakasi pembeni mwa ulimi, na msesewe mwishoni kabisa, ukishameza. Chembe za ulezi zinazobaki menoni ni za kawaida, zitafune.

Kama wanayo ya leo na ya jana, anza na ya leo. Ukianza na kali, ile changa utaiona kama maji ya sukari na utamwonea bure mpishi. Iliyoongezwa maji utaijua kwa wepesi wake: mso hujitenga upesi na juu hubaki maji yasiyo na ladha. Hapo hama kilabu.

Usichanganye na gongo, hata mwenyeji akisisitiza. Gongo hukenekwa kienyeji bila kipimo, na ndiyo inayopofusha watu. Na kama una gari, mtafute dereva kabla ya kikombe cha kwanza. Utamu wa mbege huficha kilevi vizuri mno.

Ukitaka kubeba ya kupeleka nyumbani, jaza dumu robo tatu tu na usikaze kifuniko. Lililokazwa huvimba njiani, na likifunguka kwenye kiti cha basi harufu ile haitoki wiki nzima.