Kuipeleka mota juu ya hezi 50 kwa inveta bila kuiua

Watu wengi wakinunua inveta, kile kifaa cha kubadilisha spidi ya mota kwa kubadilisha hezi (mapigo ya umeme kwa sekunde), wanaona inafika hezi 400 wanajua wameula, mota ya 50 sasa itakimbia wanavyotaka. Kukimbia itakimbia, ila spidi ndo utapata, nguvu ya kusokota hupati, tena inapungua.

Anza na kibati cha mota, kile kilichoandikwa vipimo vyake. Kama ni poli nne (ncha nne za sumaku ndani) kwa 50 utaona raundi 1420 au 1440 hivi kwa dakika, kila hezi moja ni kama raundi 30, kwa hiyo 75 inakupeleka karibu 2250 na 100 karibu 3000. Poli mbili tayari iko huko karibu 3000, mi hiyo siipitishi 60 mpaka nione karatasi ya mtengenezaji. Na kama ni singo fezi yenye kapasita achana nayo, hizi inveta za kawaida ni za mota ya thrii fezi.

Sasa hapa ndo pa kuelewa. Kutoka chini mpaka 50 inveta inapandisha volti pamoja na hezi, 25 unapata volti 200, 50 unapata 400, ndo maana sumaku ndani ya mota haibadiliki. Ukivuka 50 volti zimeisha, inveta haiwezi kutoa zaidi ya zinazoingia, hezi zinaendelea kupanda volti zimesimama palepale na sumaku inazidi kulegea. Kwa 75 unabaki na theluthi mbili ya nguvu ya kusokota, kwa 100 nusu. Halafu ule ukomo wa mota kukwama wenyewe unashuka haraka zaidi, kwa 100 unabaki robo tu, yaani mota iliyokuwa inavumilia mara 2.5 ya mzigo wake pale haivumilii hata mzigo wake wa kawaida, ukiipa ghafla inakwama, ampea zinaruka, inveta inajizima.

Kwa hiyo angalia unaendesha nini. Drili yenye biti ndogo au mashine ya kukereza unapomalizia kazi, sawa kabisa. Pampu na feni kuwa makini sana, kilowati zake zinapanda kwa kipeo cha tatu cha spidi, yaani spidi mara spidi mara spidi, kutoka 50 kwenda 60 tu tayari unataka kilowati 73% zaidi.

Kuna ujanja mmoja mzuri ila hauingii kwa kila mota. Kibati kikisema 230/400, delta kwa sta (njia mbili za kuunga nyaya za mota, delta kwa volti 230 na sta kwa 400), na una inveta ya volti 400, ifunge delta halafu kwenye inveta weka hezi za msingi, yaani zile ambazo volti zinafika mwisho, 87 na volti 400. Hapo volti zinaendelea kupanda mpaka 87 na nguvu ya kusokota inabaki kamili njia nzima, mota ya 1.5 kW inakupa kama 2.6. Ampea unazoweka ni zile kubwa za delta kwenye kibati, na inveta iwe inazimudu, ya 1.5 haitoshi. Mota iliyoandikwa 400/690 haikubali huu mchezo, na inveta ya kuingiza umeme wa nyumbani 230 nayo haiwezi maana haina hizo 400.

Kabla ya kuwasha, zima umeme, subiri dakika kumi kapasita za inveta ziishe, ndani mle kuna kama volti 560 za DC. Zungusha shafti kwa mkono, beringi ikikwaruza badilisha kwanza. Kisha angalia kinachozungushwa, jiwe la kusagia au msumeno una raundi za juu zilizoandikwa ubavuni na hizo hazivukwi hata kidogo, jiwe likipasuka halichagui mtu. Puli za chuma cha kumimina nazo vilevile.

Weka hezi za juu unazotaka, muda wa kupanda sekunde 10 au zaidi, ampea za kibati. Panda tano tano bila mzigo, sikiliza, shika bodi, kuna spidi moja mtetemo unaweza kuja ghafla, iruke kwenye mipangilio. Feni ya nyuma itapiga kelele, kawaida. Ukiweka mzigo soma ampea, zikipita za kibati rudisha hezi chini, usikimbilie kuongeza ile busti ya volti, ile ni ya kuanzia spidi ndogo, huku juu haina inachosaidia.