Somo: Kugeuza chumba cha kawaida kuwa chumba cha eksirei

Hospitali ya wilaya inapopata mashine ya eksirei, mara nyingi haijengewi jengo jipya. Hutafutiwa chumba kilichopo, pengine kilichokuwa stoo au ofisi, kisha fundi huitwa. Somo hili linaeleza utaratibu wa ukarabati huo kwa hospitali ya Tanzania, ambako Sheria ya Nguvu za Atomiki Na. 7 ya mwaka 2003 inaiweka mionzi chini ya usimamizi wa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania. Michoro ipelekwe Tume kabla ya tofali la kwanza kubomolewa.

Hatua ya kwanza ni kuanza na mashine, si na rangi ya ukuta. Mwombeni msambazaji mchoro wa usimikaji, kwa kuwa humo mna vipimo vya meza, mahali pa stendi ya kupigia picha za kifua, uzito wa kila kipande na mahitaji ya umeme. Chumba cha mita 4 kwa 5 chenye dari ya mita 3 hutosha mashine nyingi za kawaida, lakini mchoro ndio wenye kauli ya mwisho. Pimeni pia njia ya kupitishia mzigo, tangu lori litakaposimama hadi ndani ya chumba: korido inaweza kuwa pana na bado kona yake ikalizuia kasha refu.

Hatua ya pili ni kuamua mwali wa mionzi utaelekea wapi. Kwenye meza, mwali huelekea chini. Kwenye stendi ya kifua, huelekea ukutani. Ukuta huo ndio unaopokea mionzi mikali kuliko kuta nyingine, kwa hiyo ni vyema uwe wa nje, unaotazama eneo ambalo watu hawakai. Stendi ikiwekwa kwenye ukuta unaopakana na wodi ya wazazi, mtalazimika kununua kinga ambayo mngeiepuka kwa kugeuza mchoro tu. Umbali nao ni kinga isiyo na gharama: ukiongezwa mara mbili, nguvu ya mionzi hubaki robo.

Hatua ya tatu ni kuta, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Wengi wanaamini kwamba chumba cha eksirei ni lazima kizungushiwe risasi, ile metali nzito inayozuia mionzi, pande zote. Si lazima: ukuta wa tofali za kuchoma zilizoshikamana vizuri, wenye unene wa takriban milimita 230, hutoa kinga inayokaribiana na ya bamba la risasi la milimita 2 kwa eksirei za kawaida. Kinachotakiwa ni hesabu ya mtaalamu wa kinga ya mionzi, atakayezingatia idadi ya wagonjwa, nguvu ya mashine na matumizi ya chumba cha jirani. Tatizo huwa kwenye tofali za saruji zenye matundu, kwani unene wake wa nje hudanganya. Matundu hayo yajazwe zege, au ukuta uongezewe plasta ya bariti, madini mazito yanayozuia mionzi.

Mlango unahitaji jicho kali zaidi. Fundi anaweza kuweka bamba la risasi kwenye ubao wa mlango kwa ustadi, akaiacha fremu tupu, na mionzi ikapenya kwenye mwanya kati ya fremu na ukuta. Bamba lipite fremu na kulalia juu ya kinga ya ukuta, na kila lilipotobolewa kwa skrubu au kitasa pafunikwe kwa kipande kingine cha risasi. Upana uruhusu kitanda cha mgonjwa kupita, angalau mita 1.2, na 1.5 ni afadhali.

Umeme husahaulika hadi siku ya usimikaji. Mashine huvuta umeme mwingi ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na kebo nyembamba ikishusha volti, picha huharibika. Vuteni kebo ya pekee kutoka kwenye swichi kuu, isiyochangia na mashine za kufulia, na ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, ipimwe, isikadiriwe kwa macho. Swichi ya dharura iwe mahali ambapo mkono wa mtaalamu unafika.

Mgonjwa naye apangiwe nafasi yake: kijumba cha kubadilishia nguo chenye kiti na kishikio, choo cha karibu, njia isiyo na kizingiti, na tangazo linalomtaka mwenye ujauzito aseme kabla ya kupigwa picha. Wakati wa ujenzi, zibeni korido kwa nailoni kutoka sakafuni hadi darini, kwa sababu vumbi la plasta ya zamani hubeba vimelea vya ukungu vinavyowadhuru wagonjwa wenye kinga dhaifu.

Mwisho ni upimaji. Ndoo ya maji huwekwa mezani badala ya mgonjwa, mashine hupigwa, na mpimaji huzunguka nje na kipima mionzi, akikaa zaidi kwenye mlango, madirisha na maungio. Plasta ya mapambo isipakwe kabla ya hapo.

Maswali na majibu

Swali: Shikamoo mwalimu. Tunaweza kugawa chumba kwa ukuta wa jipsamu?
Jibu: Marahaba. Jipsamu peke yake haitoshi. Hutumika bodi zilizogandishwa na bamba la risasi, na maungio yake lazima yalaliane. Bamba lisipogandishwa vizuri, huteremka polepole kwa uzito wake na kuacha uwazi juu.

Swali: Wahudumu wetu wa usafi wanaogopa kuingia, wakisema mionzi hubaki ukutani.
Jibu: Haibaki. Eksirei hukoma mara tu mashine inapoacha kupiga, kama taa inapozimwa. Wasichopaswa kufanya ni kufungua mlango wakati taa nyekundu ya juu yake inawaka.

Swali: Kituo chetu cha afya kina umeme wa njia moja (single-phase) tu. Tukate tamaa?
Jibu: Hapana, ila msikubali mashine kabla ya kuuliza. Zipo zinazohifadhi nishati kwenye betri au kapasita kisha kuitoa kwa mkupuo, na hizo hutumia umeme wa njia moja. Jina la aina hiyo liandikwe kwenye maombi ya ununuzi, kwa sababu mashine ya njia tatu (three-phase) ikishafika itakaa kwenye kasha hadi transfoma ipatikane.